Pumzi Iliyosikika Migombani

Nilimwahidi Evodi kwamba siku nitakapoacha kazi, jambo la kwanza nitakaloliandika litakuwa juu ya sauti yake. Tulikuwa tumeketi juu ya gogo kando ya njia iendayo kwao Maruku, tukingoja vifua vyetu vituruhusu kuendelea kupanda. Aliniomba kwa maneno yaliyokatikakatika, kwa sababu hivyo ndivyo azungumzavyo.

"Waambie hao... wanafunzi wako... kwamba nilikuwa mtu... muda wote ule."

Nikamwahidi, na leo natimiza.

Ninyi mnaosomea utabibu na uuguzi mtashangaa kupokea kumbukumbu za mstaafu ambaye bado hana hata unywele mmoja mweupe. Nilikuwa tabibu wa kliniki ya kifua kikuu, kwanza huko Muleba, mahali ambapo wavuvi hushuka kutoka visiwani wakikohoa, kisha katika vijiji vya Bukoba. Kazi hiyo nilitoka nayo chuoni nikiwa nimeipenda kama wito. Baadaye ugonjwa niliokuwa nikiwatibu wengine ukanipata mwenyewe. Nilimeza dawa zote, makohozi yakawa safi, vijidudu vikafa. Lakini sehemu ya pafu langu la kulia iliondoka navyo, na kilima cha kuelekea kituoni, ambacho zamani nilikipanda huku nikipiga mluzi, kikawa kirefu kuliko maisha. Nikastaafishwa kwa sababu za afya.

Siku ya kuniaga, Sista Leokadia alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu Padre wetu amestaafu hata kabla ya kuoa. Mapadre wenyewe husubiri wazeeke kwanza."

Padre ndilo jina alilonibandika tangu wiki yangu ya kwanza Bukoba. Leokadia alikuwa muuguzi mkongwe, mwenyeji wa mtaa wa Bilele, mnene, mcheshi, mwenye kuvaa sweta hata jua likiwaka. Alinikuta nikiwahutubia wagonjwa juu ya wajibu wao kwa taifa, akangoja nimalize, kisha akawaambia, "Mahubiri yamekwisha, waitu, ndugu zangu. Sasa njoni mmeze vidonge." Niliudhika. Leo hii ninapokumbuka nacheka hadi nakosa hewa, jambo ambalo kwangu si msemo tu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama kabla ya kupima. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, nawe huzitafuna taratibu huku mazungumzo yakienda. Kliniki Leokadia alikuwa na kikapu chake kidogo mezani, na kila aliyeingia alipewa buni. Mimi nilidhani ni ukarimu. Kumbe alikuwa akiangalia mashavu yao. "Mtu anayekosa hewa," aliniambia, "hawezi kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja. Ataiweka buni shavuni, akusikilize, na atoke nayo nzima. Huyo usimwulize kama ana shida ya kupumua, maana atakwambia hana. Ameshazoea." Naomba mlitunze hilo. Mtu hupunguza safari zake polepole, huacha kilima, huacha kisima cha mbali, huacha kuimba kanisani, kisha huapa kwamba haumwi chochote.

Tulikuwa pia na desturi ambayo niliipenda kuliko zote, na ilikuwa hivyo katika vituo vingi vya upande ule. Mgonjwa akifikia siku yake ya mwisho ya dawa, alisimama katikati ya chumba, akameza vidonge vyake mbele ya wenzake, na sote tukampigia makofi. Kisha mmoja wetu alitamka kwa sauti: "Umepona!" Nimewaona wanaume wagumu, watu wa kuvuta nyavu, wakilia kwa makofi yale. Sikuwahi kujiuliza yanasikikaje nyumbani kwa mtu anayerudi akiwa bado anahema.

Niliona maana yake siku Respisi alipokuja.

Respisi ni kaka mkubwa wa Evodi. Alifika kituoni na baiskeli, akiwa amevaa koti la Jumapili siku ya kazi, akakataa kuketi. Ndugu yake, alisema, alikuwa mvuvi visiwani, aliugua kifua kikuu, akatibiwa huko hadi mwisho, akapigiwa makofi, akarudi nyumbani Maruku. Kliniki kwetu yalikuwa yameletwa makohozi yake tu, mara moja, tukarudia kipimo bila kumwona mwenyewe. Sasa Respisi alitaka neno moja tu kutoka kwangu.

"Daktari, amepona au hajapona?"

"Makohozi yake hayana vijidudu," nikamjibu. "Amepona."

Uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Asante sana, waitu. Basi kilichobaki ni chetu wenyewe."

Akapanda baiskeli yake akaondoka. Leokadia, aliyekuwa akikunja bandeji dirishani, alimfuata kwa macho hadi alipopotea barabarani.

"Padre, umeona alivyofurahi?"

"Amefurahi ndugu yake kupona."

"Mtu hafurahi vile kwa afya ya ndugu yake. Amefurahi kama mtu aliyepewa ruhusa. Kilichobaki ni kipi?"

Leokadia akavua aproni, akavaa sweta, akasema tunakwenda Maruku sasa hivi, na kwamba kama ninataka kuhubiri nihubiri njiani, kwa dereva wa pikipiki.

Tulifika mchana, kwa kuwa mvua ilituzuia njiani na kukatika muda mfupi kabla. Wengi wenu mmekulia katika vibanja, mashamba yetu ya migomba yanayozunguka nyumba, kwa hiyo mnajua giza la kijani linalokaa chini ya migomba hata saa sita, na jinsi matone yanavyoendelea kudondoka kutoka jani hadi jani kana kwamba mvua imehamia humo ndani. Nyumba haionekani kutoka njiani. Mgeni husimama ukingoni mwa kibanja, hupiga hodi, na mwenyeji humwitikia kutoka ndani. Anayeingia bila kuitikiwa ana lake jambo.

Leokadia akapiga hodi. Hakuna aliyeitika.

Lakini kulikuwa na mtu akipumua.

Mwanzoni nilidhani ni ng'ombe. Ilikuwa pumzi ndefu, nzito, yenye kujikokota, na mwisho wake ulikuwa na mluzi mwembamba, kama mtu apulizaye kwenye tundu la ufunguo. Ilitoka kushoto, upande ambapo kupitia majani tuliona msalaba mweupe wa kaburi. Leokadia akarudia hodi. Pumzi ikakoma. Tukasubiri. Kisha ikaanza tena, safari hii mahali pengine, karibu zaidi, na bado hatukuona mtu. Dereva wa pikipiki hakuaga. Tulisikia tu injini ikishuka kilima.

"Bikira Maria," akanong'ona Leokadia, na ndiyo mara pekee niliyomwona akinishika mkono.

Tukaifuata sauti. Nyuma ya mgomba wa tatu au wa nne, hatua chache kutoka kaburini, alisimama Evodi. Alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, midomo ameikusanya kama mtu apoozaye chai ya moto, mabega yakipanda na kushuka. Alituinulia kidole kutuomba tungoje. Tukangoja.

"Nilikuwa... nawaitikia," akasema hatimaye. "Tangu... mlipopiga... hodi."

Kisha akajaribu kucheka, na kicheko kile kilitisha kuliko pumzi.

Alitusimulia palepale, kipande kwa kipande, na mimi nawaunganishia. Siku aliyorudi kutoka kisiwani alipanda kilima na begi lake, akafika ukingoni mwa kibanja, akafungua mdomo apige hodi, na hodi haikutoka. Ilitoka pumzi tu. Mama yake, Ma Adelina, alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alisikia pumzi ile kutokea upande wa kaburi la mumewe, akaangusha kisu, akasema, "Tata, baba wa watoto, amerudi."

Alipomwona mwanawe anatokeza kwenye majani hakutulia, bali alizidi kuogopa. Kwa kuwa sauti ilikuwa ya marehemu na mwili ulikuwa wa Evodi, na hospitali ilikuwa imekwisha kumpigia makofi na kumwambia amepona, hesabu ilikuwa rahisi. Kama si ugonjwa, ni mtu. Watoto wa Respisi walikatazwa kumkaribia. Akahamishiwa kwenye kibanda cha kuhifadhia kahawa. Chakula kiliwekwa kizingitini, na aliyekiweka hakusubiri shukrani. Jirani hawakupita tena njia ya upande ule. Wakimsikia, walifanya ishara ya msalaba na kugeuza.

"Mimi mwenyewe," alisema Evodi, "siku nyingine... nikiwa peke yangu... nageuka kuangalia... nani yuko nyuma."

Kisha akatuonyesha moshi uliokuwa ukipanda nyuma ya nyumba. Walikuwa wamekwisha kumfukiza mara moja. Alifunikwa blanketi juu ya kigae cha makaa na majani mabichi ili aliyemkalia kifuani atoke. Alizimia, na kuzimia kwake kukachukuliwa kuwa dalili kwamba marehemu alikuwa karibu kutoka. Respisi alikuwa amesita kurudia, akihofia kuwa huenda bado ni ugonjwa wa hospitali. Ndiyo maana alikuja kwangu. Sasa alikuwa na neno langu, na makaa yalikuwa yakikolezwa.

Tukaingia. Msiwawazie watu wale kama wakatili. Ma Adelina alikuwa mama mfupi mwenye rozari shingoni na macho yaliyovimba kwa kulia. Alitandika mkeka, akatuletea buni katika kikapu, akauliza habari za nyumbani kwetu mmoja mmoja. Respisi alikuwa amepiga magoti kwenye kigae, akipepea makaa kwa ungo. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kigoda. Kila kitu kilifanywa kwa heshima, na hilo ndilo lililonitia baridi.

Nilizungumza. Mnajua nilizungumzaje. Nilieleza makovu ya pafu, njia za hewa zilizopindika na kusinyaa, madhara ya moshi. Wakanisikiliza kama watu wanavyosikiliza tangazo la parokia nyingine.

"Daktari," akasema Respisi kwa upole, "asubuhi ulisema amepona. Mchana unasema anaumwa. Tukuamini saa ngapi?"

Leokadia akakohoa kidogo, na nikajua ananicheka.

Ndipo nikapata wazo nililolihesabu kuwa la busara. Nikavua stetoskopu yangu shingoni, nikamwomba Ma Adelina asikilize mwenyewe. Atasikia, niliwaza, kwamba mluzi unatoka ndani ya mapafu ya mwanawe, sehemu ya mwili kama goti au jino, na hofu itakwisha. Nikamwekea masikioni. Nikaweka kile kisahani mgongoni kwa Evodi, chini ya bega la kulia, pale sauti ilipokuwa kubwa zaidi.

Ma Adelina akasikiliza. Akafumba macho, akainamisha kichwa karibu na mgongo wa mwanawe kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Mawe, mama yangu!" akasema. "Ni yeye. Yumo ndani kabisa."

"Mama, hizo ni..."

"Mwana wange, nililala kando ya pumzi hii mpaka watoto wote wakakua. Unifundishe wewe ilivyo? Inapanda hivi, inakwama, halafu inaita. Ni mume wangu." Akavitoa vile vipokeo masikioni na kunirudishia kwa mikono miwili. "Asante. Nilikuwa na shaka kidogo. Sasa sina."

Respisi akasimama, akachukua blanketi. Evodi, aliyekuwa amekaa mkekani na buni nzima shavuni, hakupinga. Hakuwa na pumzi ya kupingia. Alinitazama tu, na katika macho yake niliona mtu anayesimama mlangoni mwa nyumba yake akipiga hodi ambayo hakuna anayeisikia.

Leokadia hakuinuka. Aliendelea kutafuna buni yake polepole, kisha akauliza kama mtu anayeulizia bei ya ndizi:

"Ma Adelina, waitu. Marehemu alikuwa anapumua hivi akiwa hai?"

"Miaka mingi."

"Ilianza lini?"

"Baada ya kutibiwa kifua. Kifua kikuu, zamani hizo, dawa za sindano. Wakamwambia amepona. Akarudi anapumua hivyo."

"Na nyie mkafanyaje?"

"Miaka ikapita. Alipozidiwa, tukamfukiza. Walisema ni babu yake."

"Ikawaje?"

Matone yalikuwa yakidondoka nje kwenye majani. Respisi alisimama na blanketi mikononi. Nilimwona akielewa kabla ya mama yake, au pengine mama alikuwa ameelewa siku zote na hakuwa ameulizwa na mtu yeyote.

"Hakutoka," akasema Ma Adelina. "Tulipofunua, alikuwa ameinama vilevile, hapumui. Tukasema babu ameondoka naye."

Pumzi ya Evodi ilijaza chumba, ikipanda, ikikwama, ikiita. Ma Adelina akainuka, akashika kata, akateka maji mtungini, akayamwaga juu ya makaa. Mvuke ukapiga kelele ukapanda darini.

"Mama!" akaita Respisi.

"Nyamaza. Mmoja nilimfunika kwa mikono yangu. Huyu simfuniki." Kisha akamgeukia Leokadia, na sauti yake ikawa ndogo. "Niambie kweli. Ni yeye, au si yeye?"

"Pumzi ni ileile, mama," akasema Leokadia. "Mtu si yuleyule. Mtazame. Huyu ni Evodi."

Ma Adelina akamtazama. Akatoa ile buni shavuni mwa mwanawe kwa kidole, kama vile mama amtoavyo mtoto mchanga kitu mdomoni, na ndivyo alivyomgusa kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Tuliyoyafanya baada ya hapo yamo katika masomo yenu, au yangepaswa kuwamo. Alipigwa picha ya kifua mjini Bukoba, na pafu la kulia lilionekana kama kitambaa kilichooshwa vibaya, kimekunjamana upande wa juu. Alipuliza kwenye mashine ya kupimia pumzi hadi akaona nyota, na kipimo kikaonyesha kwamba hewa iliingia kidogo na kutoka kwa shida. Akapewa dawa ya kuvuta, na ikamsaidia kiasi, si zaidi ya kiasi. Alifundishwa kuinama mbele na kuegemea anapozidiwa, kutoa hewa polepole kwa midomo iliyokusanywa, kutembea kila siku hadi kwenye uchovu na kurudi, si kulala tu. Kila akianza kukohoa upya, makohozi hupimwa kwanza, kwa maana kovu na ugonjwa uliorudi hufanana kwa mbali, nawe usimrudishie mtu vidonge vya miezi kwa kubahatisha. Jiko la mama yake lilihamishwa nje ya nyumba. Kuvua hakukurudia. Leo anashona nyavu, ambazo wavuvi wa Muleba humletea kwa vifurushi, na hukagua kila fundo kwa ukali wa mtu aliyewahi kupoteza samaki.

Ama kuhusu hodi, ufumbuzi ulitoka kwa Ma Adelina, si kwetu. Alining'iniza jembe kuukuu kwenye mti ukingoni mwa kibanja, na jingine karibu na mlango. Evodi akitaka kuita au kuitikia, hugonga chuma. Siku hizi jirani wakisikia mlio ule hujibu kwa sauti, "Tumekusikia, Evodi!" Watoto wa Respisi hugombania kugonga, na mara nyingi hugonga bila sababu, hadi Evodi, mtu mzima, anakasirika na kuishiwa hewa.

Sasa niwaambie kilichonipata mimi. Baada ya kumaliza dawa zangu, na nilikuwa nimewakataza wenzangu wasinipigie makofi, nilikuwa nikitembea jioni moja kutoka Bilele kuelekea Kibeta. Ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda hadi barabarani. Nikasikia mtu nyuma yangu akipumua. Nilisogea pembeni apite, naye akasogea. Nikasimama, akasimama, lakini pumzi yake haikusimama. Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu.

Mimi ni mtu wa sayansi. Nilikuwa nimeisikia sauti ile katika vifua vingi na niliweza kuwaeleza ninyi ubaoni inatengenezwa na nini. Hata hivyo nywele zilinisimama, na kwa kitambo kifupi niliamini, kwa moyo wote, kwamba nilikuwa nimefuatwa. Ndipo nilipomwelewa Ma Adelina. Kama mimi niliikosea pumzi yangu mwenyewe kuwa ya mtu mwingine, yeye angejuaje?

Wiki iliyofuata nilikwenda Maruku. Evodi alishuka kunipokea, na tukapanda pamoja, kobe wawili, hadi kwenye lile gogo, na hapo ndipo nilipompa ile ahadi. Tulipofika ukingoni mwa kibanja, mikono yetu yote ilikuwa magotini, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufikia jembe. Tukabaki pale chini ya migomba, tukihema, mluzi wake na wangu ukipishana. Kutoka ndani ya nyumba, ambako hakuweza kutuona, nilimsikia mama yule mzee akiacha kazi yake, akisikiliza.

"Leo mko wawili," akaita. "Karibuni. Pumzikeni kwanza, nawangoja."

Ninyi mtakaochukua nafasi yangu, nawaomba jambo moja. Siku mgonjwa anapomaliza dawa za kifua kikuu, mpigieni makofi mkipenda, lakini kabla hajatoka mlangoni, tembeeni naye hadi juu ya kilima kilicho karibu, simameni, na msikilize anavyopumua. Kisha mwelezeni yeye na wa nyumbani kwake, kwa maneno yao, kile mlichokisikia.